Eksteno iliyochomekwa chaja isiyo yake
Hotuba kwa wapiga picha, wahariri wa video na wenye studio

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu wengine wote, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie utunzaji wa data. Mada hiyo ni pana, na ningeweza kuizunguka mpaka saa sita mchana bila kuwaachia kitu cha kushika. Kwa hiyo nimechagua ajali moja tu, kwa sababu watu wa kazi yenu ndio mnaoileta mezani kwangu kuliko watu wa kazi nyingine yoyote. Mtu ana diski yake ya nje, tunayoiita eksteno, ile kubwa ya kukaa mezani, ina harusi za watu, vipaimara, mahafali na misiba. Siku moja, kwenye msitu wa nyaya nyuma ya meza, anavuta chaja ya laptopu akidhani ni ya diski. Pini inaingia vizuri kabisa, hailegei wala haikatai. Taa inawaka mara moja na kuzima, na kuanzia hapo ni kimya.

Nataka leo mwondoke na jambo moja. Kati ya diski zote zinazokufa, iliyokufa kwa chaja ndiyo yenye matumaini makubwa zaidi. Mara nyingi picha zako bado zimo ndani na hazijaguswa. Kinachozipoteza ni yale yanayofanywa baada ya ajali, ndani ya saa ile ile ya kwanza, na mwenye mali mwenyewe au na fundi wa kwanza aliyekimbiliwa. Nimeona diski ambayo ingepona kwa kazi ya nusu saa ikifika kwangu imefunguliwa mfuniko, ina alama za vidole kwenye sahani, zile duara za ndani zinazobeba data. Hilo linaniuma, na ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa.

Sasa fungueni mabegi. Najua wengi mna chaja humo. Toa moja, igeuze, usome maandishi yake.

Mtaona mistari miwili mikubwa. Wa kwanza ni umeme unaoingia: 100 hadi 240, herufi V, halafu 50/60Hz. Huo hautusaidii chochote leo, maana karibu chaja zote za siku hizi zinapokea umeme wa ukutani wa hapa kwetu na wa kule Ulaya bila shida. Lakini ndio mstari ambao watu wengi wanausoma! Mtu anaona 240, anajua umeme wa ukutani uko karibu hapo, anasema sawa, anachomeka. Mstari wa kusoma ni wa pili, wa umeme unaotoka. Kwenye chaja ya eksteno kubwa utakuta 12V, yaani volti 12, na pembeni yake 1.5A au 2A, yaani ampea. Kwenye chaja ya laptopu utakuta 19V, au 19.5V, au 18.5V. Kwenye ruta unaweza kukuta 9V, au 5V, au 12V. King'amuzi na kamera za ulinzi mara nyingi ni 12V. Skrini za kompyuta ziko za 14V na za 19V.

Na pini? Pini inaweza kuwa ile ile. Kuna kipimo kimoja kilichoenea mno duniani, pini ya duara yenye upana wa milimita 5.5 kwa nje, na ndani tundu la milimita 2.1 au 2.5. Kipimo hicho hicho kinabeba volti 5, volti 9, volti 12 na volti 19. Hapa sitamlaumu mteja. Watengenezaji walikubali tundu moja lipokee umeme wa aina zote, kisha wakatuachia sisi maandishi madogo ya kijivu juu ya plastiki nyeusi, tuyasome kwenye chumba cha kuhariria chenye giza. Ni uzembe wa ubunifu, na gharama yake imelipwa na watu wasio na hatia. Tundu jipya la USB-C limeonyesha kwamba iliwezekana kufanya vizuri zaidi: pale chaja inaanza na volti 5 tu, na haipandi mpaka kifaa chenyewe kiombe. Lakini eksteno nyingi mlizo nazo studio si za namna hiyo, na zitaendelea kuwa nanyi miaka mingi.

Kuna alama nyingine ndogo kwenye chaja, kiduara kilichozungukwa na nusu duara, chenye + upande mmoja na - upande wa pili. Inakuambia kama katikati ya pini ni chanya au hasi. Kwenye eksteno karibu zote katikati ni chanya. Ukikuta chaja ambayo katikati ni hasi, hata kama imeandikwa 12V, iache. Ukikuta baada ya V kuna alama ya wimbi badala ya mstari ulionyooka, hiyo inatoa umeme wa kupishana kama wa ukutani, ila umeshushwa tu. Nayo iache.

Kuhusu ampea, yaani wingi wa umeme ambao chaja inaweza kutoa, nitapita haraka. Volti lazima zilingane kabisa. Ampea ziwe sawa au zizidi. Zikizidi hakuna madhara, kifaa kinachukua kinachohitaji. Zikipungua, diski inajaribu kuanza kuzunguka, umeme unaishiwa nguvu, inakata, inajaribu tena, na unasikia tik, tik, tik. Wengine wakisikia hivyo wanasema diski imekufa. Kabla hujalia, tafuta chaja yenye 12V na ampea 2, maana mota inapoanza kuzunguka ndipo inapovuta umeme mwingi kuliko wakati mwingine wote.

Nirudi kwenye chaja ya volti 19, kwa sababu hapo ndipo penye madhara.

Eksteno kubwa ina vitu viwili ndani ya kasha lake. Kuna diski yenyewe, ya inchi 3.5, sawa kabisa na ile inayokaa ndani ya kompyuta ya mezani. Na kuna kibodi kidogo, yaani bodi ndogo ya saketi, si kibodi cha kuchapia, kinachounganisha diski hiyo na waya wa USB. Umeme wa chaja unaingia kwanza kwenye kibodi. Volti 12 zinapitishwa moja kwa moja mpaka kwenye diski, kwa ajili ya mota inayozungusha sahani. Sehemu nyingine inashushwa kuwa volti 5 kwa ajili ya chipu. Ukichomeka volti 19, basi mota iliyotegemea 12 inapelekewa 19, na wakati huo huo ile saketi ya kushusha inabebeshwa mzigo mkubwa kuliko iliopangiwa. Ikishindwa vibaya, inaweza kuachia umeme wote upite mpaka kwenye njia ya volti 5.

Waliotengeneza diski walilijua hili. Kwenye bodi ya diski, karibu na pale waya wa umeme unapoingia, wameweka dayodi mbili za kinga. Moja inalinda njia ya volti 12, nyingine njia ya volti 5. Mafundi wanaziita TVS. Ni vipande vyeusi vya mstatili, vinene kuliko vingine vilivyo jirani, vimelala kama tofali, na vingi vina mstari upande mmoja. Umeme ukiwa wa kawaida, dayodi hii haifanyi kazi yoyote, ni kama haipo. Umeme ukizidi kiwango chake, inafunguka na kuumwaga wote kwenye hasi kabla haujafika kwenye chipu. Ukizidi sana au ukidumu, dayodi yenyewe inaungua, na ikiungua kwa kawaida inabaki imepiga shoti moja kwa moja. Ni mlinzi wa getini aliyeona jambazi, akajilaza mlangoni, akafia pale pale: jambazi hakuingia, lakini sasa hata mwenye nyumba hapiti.

Ndiyo maana ukirudisha chaja sahihi, diski bado haiwaki. Chaja inaona shoti, inajizima kujiokoa. Taa yake inapepesa, au inazima kabisa ukichomeka diski na kurudi ukichomoa. Hiyo taa inayopepesa ni habari njema kwako. Maana yake kuna uwezekano mkubwa dayodi imefia kazini na vilivyo nyuma yake ni vizima.

Nieleze mnavyoweza kujua bila kubahatisha, kwa sababu kubahatisha ndiko kunakoua.

Diski inatolewa kwenye kasha. Kasha nyingi hazina skrubu, zimebanwa kwa meno ya plastiki, na kadi ya zamani ya simu inafaa kuzifungulia kuliko bisibisi. Ukiitoa diski, kwanza iangalie tu. Upande mmoja ni chuma chenye lebo. Upande wa pili kuna bodi ya kijani au ya buluu, imefungwa kwa skrubu ndogo zenye nyota, za T6 au T8 kwa kawaida. Ile bodi ndiyo tunayoishughulikia. Mfuniko wa chuma hatuugusi. Nitalisema tena baadaye, mtanisamehe.

Fungua bodi, igeuze, maana kwenye diski nyingi za kisasa vifaa vimeelekea ndani. Tafuta alama za kuungua: chipu iliyotoboka, weusi, harufu ile kali ambayo kila aliyewahi kuunguza kifaa anaijua. Kisha chukua mita ya kupimia umeme, iweke kwenye ohm, kipimo cha ukinzani, hakikisha hakuna umeme wowote uliochomekwa, na gusa pande mbili za kila dayodi ya kinga. Dayodi nzima itakupa namba kubwa, mamia au maelfu ya ohm. Iliyokufa itakupa karibu na sifuri, chini ya ohm moja au mbili, na mita ikiwa kwenye mlio italia mfululizo. Pima ya 12, pima ya 5. Jirani yake mara nyingi kuna fyuzi ndogo au rizista ya sifuri, kipande kinachopitisha umeme kama waya. Hiyo ni kinyume, inatakiwa ilie. Isipolia, imekatika.

Sasa sikilizeni sehemu hii kwa makini. Dayodi iliyopiga shoti inaweza kuondolewa tu, na diski ikafanya kazi bila hiyo, ilimradi chaja ni sahihi. Fundi anaitoa kwa chuma cha lehemu au kwa bloa ya hewa ya moto, na wapo wanaoikata kwa kibano kikali. Anapima tena ile njia. Kama shoti imekwisha, bodi inarudishwa, diski inachomekwa kwenye umeme sahihi, na mara nyingi sana utasikia ule mvumo wa mota ukipanda taratibu. Dayodi mpya ni kitu cha shilingi mia kadhaa. Wewe uliyekuwa umeanza kuwaza utamwambia nini bibi harusi, mali yako ilikuwa imezuiwa na kitu cha shilingi mia kadhaa.

Lakini diski hiyo sasa haina kinga. Haitumiki tena kazini, haibebwi kwenda kwa mteja, haichomekwi kwenye jenereta ya ukumbini. Kazi yake iliyobaki ni moja, kutoa data yote kwenda kwenye diski nyingine, leo hii.

Na kutoa data nako kuna adabu yake. Diski ya terabaiti 4 iliyojaa, ikisoma kwa megabaiti 150 kwa sekunde, inachukua zaidi ya saa saba kunakiliwa. Umeme ukikatika katikati tumerudi tulikotoka. Wekeni UPS, ile betri inayoshikilia umeme ukikatika. Na kama diski inasuasua, msiburute mafolda kwa mausi, kwa sababu kompyuta ikikuta sehemu mbovu inang'ang'ania pale pale na kuichosha diski. Ipo programu ya bure iitwayo ddrescue, iliyoandikwa na Antonio Diaz Diaz. Inapita kwanza kwenye sehemu nzima, inaziruka mbovu, halafu inarudi kuzijaribu, na inaandika kwenye faili ramani ya ilikofika. Umeme ukikatika, unaendelea kutoka pale pale. Nakala ikishapatikana, ndipo unafanya kazi ya kutafuta mafaili juu ya nakala, na asili inakaa kabatini. Kwa picha zilizopotea majina kuna PhotoRec ya Christophe Grenier, nayo ni ya bure. Ila itumieni juu ya nakala, narudia, juu ya nakala.

Kuna dada pale ameinua mkono. Anasema fundi wake alipima, dayodi zote mbili ni nzima, na diski haiwaki.

Dada, hapo kuna mambo mawili. La kwanza, huenda kilichoungua ni kile kibodi cha USB peke yake, na diski haina neno. Kilikuwa mbele, kikapokea pigo lote. Hilo hutokea mara nyingi, na dawa yake ni kuichomeka diski kwenye kompyuta ya mezani kwa waya wa SATA, ule unaounganisha diski ndani ya kompyuta, au kwenye kasha jingine lenye chaja yake sahihi. Ila kabla ya kufanya hivyo kasha la zamani usilitupe. Baadhi ya eksteno, yakiwemo baadhi ya matoleo ya My Book ya Western Digital, zinasimba data, yaani zinaifunga kwa msimbo, kupitia chipu ya kile kibodi, hata kama hukuwahi kuweka nenosiri. Ukiitoa diski na kuichomeka kwingine, kompyuta itakuambia haina kitu, au itakuomba ruhusa ya kuifomati. Usikubali! Hapo data ipo, imefungwa tu, na ufunguo unahitaji kibodi cha aina ile ile. Watu wamebonyeza sawa kwenye kile kidirisha wakadhani wanaitengeneza.

La pili, dayodi zinaweza kuwa nzima na chipu ya mota ikawa imeungua. Chipu hiyo ni ya mraba, ipo karibu na mahali waya wa mota unapogusa, na ikiungua mara nyingi inaonekana kwa macho. Hapo bodi inahitaji kubadilishwa. Na hapa ndipo mafundi wenzangu wengi wanapoharibu, kwa hiyo naomba nichukue muda.

Zamani sana uliweza kutoa bodi ya diski moja ukaifunga kwenye nyingine ya aina hiyo hiyo, ikaenda. Diski za miaka mingi sasa hazikubali. Kila diski inapimwa kiwandani peke yake: vichwa vyake vya kusomea vina hitilafu gani ndogo, vinahitaji nguvu kiasi gani, kipi kimezimwa. Sehemu ya vipimo hivyo imeandikwa kwenye chipu ndogo ya kumbukumbu iliyoko kwenye bodi, mara nyingi ina miguu minane na namba inayoanza na 25. Bodi ya diski nyingine ina vipimo vya diski nyingine. Ukiifunga tu, sahani zitazunguka, vichwa vitatafuta njia visiipate, na utasikia vikigonga. Kwa hiyo kazi sahihi ni kutafuta bodi yenye namba ile ile iliyochapwa juu yake, kwa Western Digital namba hiyo huanza na 2060, kwa Seagate huanza na 100, kisha kuhamisha ile chipu ya miguu minane kutoka bodi ya zamani kwenda mpya kwa bloa na mkono uliotulia. Kwenye baadhi ya bodi hutaikuta, kwa sababu kumbukumbu imo ndani ya chipu kubwa, na hapo kazi inakuwa ngumu zaidi, inahitaji vifaa maalumu. Fundi akikuambia ataagiza bodi mtandaoni aifunge tu, muulize, na chipu ya kumbukumbu utaihamishaje? Asipokuwa na jibu, chukua diski yako, mshukuru, ondoka.

Na bodi ya zamani usimwachie. Hata kama imeungua nusu, ile chipu iliyobaki juu yake ni sehemu ya diski yako na haipatikani popote duniani.

Ipo hali mbaya zaidi, nami sitawaficha. Ndani ya chuma, juu ya mkono unaobeba vichwa vya kusomea, kuna kikuza ishara kidogo. Umeme ukipenya mpaka pale, kubadilisha bodi hakusaidii. Vichwa vyote vinatakiwa vibadilishwe, kutoka diski pacha, ndani ya chumba kilichochujwa hewa. Diski ikiwa imefungwa sahani zinazunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kinaelea juu yake kwa nanomita chache tu. Unywele wa mtu ni nanomita makumi ya maelfu. Punje ya vumbi ya mtaani kwetu, usiyoiona kwa macho, kwa kichwa kile ni mwamba. Nawaomba sana, mfuniko wa chuma usifunguliwe mezani, wala chumbani kwenye feni, wala kwenye chumba kilichofungwa madirisha. Na zile za terabaiti nyingi, nyingi zimejazwa gesi ya heli badala ya hewa. Ukifungua, gesi imeondoka na haitarudi.

Mzee ameuliza kuhusu friji. Shikamoo mzee wangu. Hilo limezunguka muda mrefu, kwamba diski iliyokufa ukiiweka kwenye friza usiku mmoja inaamka. Kwa diski iliyoungua umeme hakuna kitu ambacho baridi inaweza kukirekebisha. Dayodi iliyopiga shoti ikiwa ya moto ina shoti, ikiwa ya baridi ina shoti. Inachofanya friza ni kuleta unyevu: ukiitoa, maji yanajikusanya juu ya bodi, na kwa diski yenye tundu la hewa hata ndani. Tafadhali tusilifanye.

Mnaweza kujiuliza kwa nini nina imani hivi na sahani. Nitawapa mfano mmoja. Tarehe 1 Februari 2003 chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilisambaratika juu ya Texas kikiwa kinarudi duniani, na wanaanga wote saba walipoteza maisha. Humo ndani kulikuwa na jaribio la kisayansi kuhusu gesi ya zenoni, na sehemu ya data yake ilikuwa kwenye diski ya Seagate. Diski hiyo ilianguka kutoka angani, ikaokotwa miezi kadhaa baadaye, imeungua, vifaa vya bodi vimeyeyuka, uchafu umeingia. Wataalamu wa kampuni ya Ontrack wakazisafisha sahani, wakazihamishia kwenye mwili mwingine, wakasoma karibu asilimia 99. Matokeo ya jaribio lile yalichapishwa mwaka 2008. Diski ilikuwa imejaa nusu tu, na sahani ziliumia pale ambapo hapakuwa pameandikwa kitu. Yako imepata volti 7 za ziada kwa sekunde mbili.

Basi ikitokea kwako, fanya hivi. Chomoa, ukianza na ukutani. Usijaribu chaja ya tatu "tuone". Usiibonyeze, usiitikise, usiipige kofi. Chaja uliyokosea nayo ihifadhi, au ipige picha lebo yake, kwa maana fundi anahitaji kujua ilikuwa volti ngapi na chanya ilikuwa wapi. Volti 19 na pini iliyogeuzwa chanya kwa hasi ni ajali mbili tofauti. Kasha, kibodi, waya, vyote viende pamoja kwenye mfuko mmoja. Na mwambie fundi ukweli. Watu wanaona haya, wanasema "ilizima yenyewe", na fundi anatumia siku nzima kutafuta tatizo la vichwa wakati tatizo ni dayodi.

Na wewe muulize fundi. Umepima njia ya 12? Ya 5? Imekupa ngapi? Fundi mzuri hachukii maswali haya, atakuonyesha mita. Anayekuahidi asilimia mia moja kabla hajafungua hata skrubu, mimi singempa diski yangu.

Wale wenye eksteno ndogo za mfukoni msijione mmesalimika. Hizo za inchi 2.5 zinakula volti 5 za USB tu, lakini baadhi ya makasha yake ya zamani yana kitundu cha chaja pembeni, na kitundu hicho ni cha volti 5. Ukichomeka 12 pale, umeizidisha zaidi ya mara mbili. Kizibeni kwa gundi kama hamkitumii.

Kwa upande wa studio, nunueni mkanda wa rangi na kalamu ya wino usiofutika. Kila chaja iandikwe jina la kifaa chake na volti zake kwa herufi kubwa, kwenye kichwa cha chaja na tena karibu na pini, kwa sababu mkono unashika pini. Tundu la diski nalo liwekwe mkanda wa rangi ile ile. Chaja za volti 19 zisikae kwenye droo moja na za 12. Na kazi ya mteja isikae kwenye diski moja mpaka siku anapochukua albamu, iwe kwenye mbili, na ya pili isiwe mezani hapo hapo kwenye ekstensheni ile ile, kwa kuwa umeme ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika unazipiga zote kwa pamoja.

Nimeleta bodi za diski zilizokufa kwa namna hii, ziko kwenye lile boksi pale mbele, pamoja na mita mbili na lenzi ya kukuzia. Anayetaka aje apime mwenyewe, asikie inavyolia kwenye dayodi iliyopiga shoti na inavyonyamaza kwenye nzima. Vijana waje kwanza, wenye macho makali, watusaidie kusoma namba. Na wale mliokuja na diski zenu mkononi, nimewaona, msizichomeke popote. Leteni hapa mezani pamoja na chaja mliyotumia siku ile.